Kompyuta Haijui Mali Kauli

Wengi wetu tunaoota kuandika riwaya huitafuta hadithi mbali. Tunaitafuta Dar es Salaam, au kwenye mapenzi ya watu wawili waliokatazwa na wazazi, au kwenye ujambazi wa usiku wa manane. Mimi leo, msomaji mwenzangu, nakuletea hadithi ya kuchagua programu ya kompyuta ya kuhesabia sabuni. Usikunje uso! Ndani yake kuna tajiri na wanawe, kuna mzee aliyekaribia kuitwa mwizi bila kuiba, na kuna madeni ambayo hayana karatasi. Kama hiyo si riwaya, basi mimi sijui riwaya ni nini.

Tunduma yetu hii unaifahamu hata kama hujafika. Barabara kuu ya kwenda Zambia inavukia hapa, na reli ya TAZARA nayo inapita hapa hapa. Upande wa pili ni Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, kiasi kwamba shangazi anaweza kuwa Mzambia na mpwa wake Mtanzania, na wote wakazikwa na watu wale wale. Mkoa wetu wa Songwe bado ni mtoto, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Lakini biashara ya mpakani ni ya zamani kuliko mkoa.

Mimi ni karani wa stoo katika duka la jumla ambalo sitalitaja jina. Tunauza sabuni, mafuta ya kula, sukari, magodoro na saruji. Tuko watu kama sitini ukihesabu madereva, wapakiaji na wale wa tawi la Mlowo. Kwa sera ya serikali ya mwaka 2003 kuhusu biashara ndogo na za kati, mwenye wafanyakazi 50 hadi 99 huhesabiwa biashara ya kati. Yaani sisi si wamachinga, na wala si Bakhresa. Tuko katikati, na katikati ndiko kwenye mateso. Stoo ina daftari lake, duka lina lake, malori yana lao, madeni yana lake, na tajiri ana kijitabu chake mfukoni. Mwisho wa mwezi unauliza swali moja tu, sabuni zimebaki katoni ngapi, unapata majibu matano.

Hapo ndipo inapoingia hii kitu inayoitwa ERP. Kwa Kiswahili cha kijiweni ni programu moja badala ya madaftari matano. Ukiuza katoni dukani, stoo inapungua yenyewe, deni la mteja linapanda lenyewe, hesabu ya VAT inajiandika, na mwenye mali anaona yote akiwa amekaa kwake. Asili yake ni viwandani. Miaka ya 1960 kule Marekani walianza kutumia kompyuta kupiga hesabu ya malighafi, zinunuliwe lini na kwa kiasi gani. Mwaka 1972 Wajerumani watano waliotoka IBM walianzisha kampuni ya SAP, kwa wazo kwamba idara zote za kampuni zisome kitabu kimoja. Jina lenyewe la ERP lilitolewa mwaka 1990 na kampuni ya utafiti ya Gartner. Zamani ilikuwa mali ya makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Sasa imeshuka hadi kwa watu wa saizi yetu. Kuna Odoo ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2005 ikiitwa TinyERP. Kuna ERPNext ya India, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuichokonoa ndani bila kulipia leseni. Kuna pia Tally, QuickBooks na Sage, zilizokulia kwenye uhasibu, na ambazo wahasibu wengi nchini wamezizoea.

Wazo la kununua lililetwa na watoto wa tajiri, vijana wawili waliosoma. Walisema mfumo utaziba mianya. Neno hilo "mianya" likizungumzwa kwetu, watu wote hugeuza shingo upande mmoja, upande wa Mzee wa stoo. Mzee huyu alianza kazi kwa tajiri mimi sijazaliwa. Funguo zote anazo yeye. Daftari lake hulisomi, maana limejaa alama anazozijua mwenyewe.

Basi bwana, wauzaji watatu wakaitwa. Wawili walikuja na projekta, mmoja alikuja na Coaster kutoka Mbeya. Wale wa projekta walituonyesha kampuni ya mfano inayouza meza na viti. Picha za rangi, mistari inapanda, mteja anabofya, ankara inatoka, pesa inaingia, kila mtu anatabasamu. Watoto wa tajiri wakapiga makofi. Mzee wa stoo akaninong'oneza, "Mwanangu, hao wateja wao hawakopi?"

Swali hilo ndilo lililonipa kazi. Mhasibu wetu alikuwa ameandaa orodha ndefu ya mambo ambayo programu iwe nayo, na kila muuzaji aliweka tiki kila mahali. Ndiyo, ipo. Ndiyo, inawezekana. Orodha ya namna hiyo haimtofautishi yeyote. Tajiri akaniangalia. "Wewe si unasema u mwandishi? Hebu waandikie hawa watu tunachotaka."

Sikuandika orodha, niliandika hadithi. Nilimfuata Mzee stoo na kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo kompyuta yenu nayo itanisalimia?"

Tulikaa juu ya magunia siku tatu, jioni baada ya kufunga. Hadithi yenyewe ilikuwa ya katoni za sabuni, toka kuagizwa hadi kuwa hela. Tunaagiza katoni 300 Dar es Salaam na kulipa nusu. Lori linatembea zaidi ya kilometa 900. Zinafika 297 nzima, tatu zimelowa. Nauli ya lori inabidi igawanywe kwenye kila katoni, la sivyo utauza ukidhani unapata faida kumbe unakula mtaji. Katoni 40 zinakwenda Mlowo, si kuuzwa, ni kuhama tu. Katoni moja inafunguliwa dukani na kuuzwa mche mmoja mmoja. Mteja anarudisha mbili, anataka mafuta badala yake. Umeme unakatika katikati ya mauzo. Na katoni kumi anachukua mama mmoja wa Nakonde kwa mali kauli.

Kwa wasomaji wa mbali, mali kauli ni mzigo unaotoka kwa neno tu. Hakuna fomu, hakuna dhamana. Nilimuuliza Mzee anajuaje wa kumpa. Akafungua daftari lake, akanionyesha kiduara kidogo mbele ya jina la yule mama.

"Mwenye duara akisema Jumamosi, ni Jumamosi."

"Na mwenye pembetatu?"

"Huyo naye analipa, lakini mpaka avune mahindi. Ukimdai kabla unamwaibisha, na mwakani ananunua kwa mwingine."

"Na asiye na alama?"

"Huyo alete hela."

Msomaji, nilikaa kimya. Benki zina idara nzima ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa na kalamu ya risasi.

Hadithi ilijaa kurasa mbili na nusu. Tukawapa wauzaji wote watatu, sharti likiwa moja: msituonyeshe meza na viti, pitisheni katoni zetu hizi mbele ya macho yetu, mwanzo hadi mwisho, na anayebonyeza vitufe awe binti wetu wa kaunta, si mtaalamu wenu.

Ama kweli, ngoma ya kujionea si sawa na ya kusimuliwa! Wa kwanza programu yake ilikwama kwenye katoni iliyofunguliwa. Iliijua katoni, haikuujua mche. Ilipofika kwa mama wa Nakonde ikamkataa kabisa, kwa kuwa hakuwa na kiwango cha mkopo kilichoidhinishwa. Wa pili ilimkubali, lakini ikamwandika kama amelipa taslimu, maana ndivyo mauzo ya kaunta yalivyopangwa humo. Yaani pesa ambayo haipo ingeonekana ipo, na jioni droo ikihesabiwa, mwizi angekuwa binti wa kaunta. Wote wawili walijibu neno moja: "Hiyo tutaiongeza baadaye." Yule wa Coaster naye alikwama kwenye mali kauli. Lakini yeye aliacha kubonyeza, akauliza, "Kwani hapa kwenu nani anaamua nani akopeshwe?" Tukamwonyesha. Akanyanyuka, akaenda stoo.

Neno "tutaiongeza baadaye" ni la kuogopa. Programu hizi ni kama koti la mtumba. Likikukaa vizuri, fundi atapunguza mikono na maisha yaendelee. Likiwa si saizi yako, ukianza kulifumua kila upande, mwisho unalipa fedha ya koti jipya na unavaa kitambaa. Tena kila toleo jipya la programu likitoka, yale ulioshonesha pembeni huenda yakafumuka. Wajerumani wenyewe wamepigwa na hili. Maduka ya Lidl, ambayo ni makubwa Ulaya, yaliacha mradi wao wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyokadiriwa kufika euro milioni 500. Sababu mojawapo iliyotajwa ni ndogo hata inachekesha. Lidl walizoea kuthamini mzigo wa stoo kwa bei ya kununulia, programu ilipangwa kwa bei ya kuuzia. Hawakutaka kubadili desturi yao, wakaibadili programu, na programu ikawashinda. Kama jitu lile liliangushwa na swali la bei ipi iandikwe, sisi wa Tunduma ni nani hata tudharau mche wa sabuni?

Kuna mengine ya hapa petu ambayo wazungu wa meza na viti hawayajui. La kwanza ni risiti. Tangu mwaka 2010 tunazo mashine za EFD za TRA. Swali ni kama programu itaongea na mashine hiyo yenyewe, ama binti wa kaunta aandike mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye mashine. Akiandika mara mbili, siku moja tarakimu zitapishana, na siku hiyo ndiyo atakayokuja mkaguzi. La pili ni VAT. Ya kawaida huku Bara ni asilimia 18, lakini mzigo unaouzwa nje ya nchi hutozwa asilimia sifuri, ilimradi una karatasi za forodha za kuthibitisha kwamba umevuka. Mzigo uliovuka bila karatasi, kwa macho ya TRA, haujavuka. La tatu ni fedha. Kanuni zilizoanza 28 Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo mteja wa Nakonde huanza kwa kubadili kwacha zake. Bei zetu zote ni shilingi, lakini mzigo wa kutoka nje unaletwa kwa dola. Programu ambayo haikumbuki dola ilikuwa shilingi ngapi siku ya kununua itakudanganya faida.

Halafu kuna suala la wapi hesabu zinalala. Wale wawili wa projekta walitaka kila kitu kikae kwenye kompyuta za mbali, huko wanakosema "mawinguni". Faida zake zipo, sikatai. Huhangaiki na mashine, na moto ukiunguza ofisi data ziko salama. Lakini 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na nchi ikakokota mguu siku kadhaa. Tena 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi 3 Novemba. Duka la jumla lisilojua lina nini stoo siku zote hizo linauza kwa kupapasa. Pia yale ni madeni ya watu, majina yao na simu zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kazi tangu 1 Mei 2023, na inagusa hata kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Nikauliza swali ambalo nawashauri wote mliulize kabla ya kusaini: siku tukiachana, natokaje na data zangu? Mmoja alijibu kwa ufasaha. Mmoja aliomba maji ya kunywa.

Bei nayo ina sarakasi zake. Tuseme mna watumiaji 20, na kila mmoja anatozwa dola 25 kwa mwezi. Inasikika kidogo. Lakini ni dola 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka, 30,000 kwa miaka mitano, na hapo hujalipia mafunzo, kuhamisha madeni ya zamani, wala nauli ya fundi. Ile isiyo na leseni nayo si ya bure hivyo. Inataka kompyuta yenye nguvu ya kukaa ofisini, betri za kuishikilia umeme ukikatika, nakala ya data kila jioni, na mtu wa kuilea. Tajiri alipoonyeshwa hesabu ya miaka mitano alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kabla ya programu yoyote kuanza ni lazima kuhesabu mzigo kwa mikono, kwa sababu kompyuta haizaliwi ikijua. Tulihesabu Jumapili nzima. Sabuni zikapungua katoni 46 ukilinganisha na daftari la duka. Nyamaza ikatanda. Mtoto mkubwa wa tajiri akasema, bila kumtazama mtu, "Ndiyo hiyo mianya."

Mzee hakujitetea. Alikwenda kwenye kona yake, akarudi na lile daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho. Juu ameandika kwa herufi kubwa: NYUMBANI. Chini yake tarehe na katoni. Msiba wa Momba, katoni sita. Harusi ya mpwa wa tajiri, nane. Harambee ya kanisa, tano. Msiba mwingine, nane. Jumla 27, zote kwa neno la tajiri mwenyewe. Zilizobaki 19 zilikuwa na majina ya vijana wawili, wale wale wa mianya, kila mara "atarudisha".

Nilimtazama tajiri. Nilidhani atapasuka. Akacheka taratibu, kicheko kisicho na furaha sana, akasema, "Kumbe mwanya ni mimi."

Mhasibu akaokoa hali kwa kueleza kwamba jambo hilo lina jina la kitaalamu, ni matumizi binafsi ya mwenye mali, na kwamba programu zote tatu zina mahali pake. Ni kweli, zinapo. Lakini katika ile orodha yake ndefu hapakuwa na mtu aliyethubutu kuandika: "Tunataka sehemu ya kuandika anachochukua tajiri." Hapo ndipo nilipoona kazi ya mwandishi na kazi ya mfumo ni ndugu. Vyote viwili huharibika mahali pale pale, pale ambapo watu wamekubaliana kutosema.

Tulimchukua yule wa Coaster. Si kwa sababu programu yake ilikuwa nzuri kupita zote. Rangi zake zilikuwa chache. Tulimchukua kwa sababu inakaa ofisini kwetu hata intaneti ikifa, kwa sababu fundi anaweza kufika kwa nauli ya basi, na kwa sababu aliuliza. Tumekubaliana kuanza na stoo na mauzo peke yake. Mishahara na malori vitasubiri. Mwezi mzima wa kwanza daftari na kompyuta vitatembea pamoja, na kila jioni tutavilinganisha. Aliyesaini hesabu ya kuanzia ni Mzee wa stoo, wala si watoto wa tajiri. Akaunti ya kwanza kufunguliwa iliitwa NYUMBANI, kwa herufi kubwa vile vile.

Huku kwetu Ndolezi kuna Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 12 kilichoanguka toka angani. Watu husafiri kukipiga picha. Hakuna anayeweza kukisogeza, na hakuna kazi kinayofanya. Wewe kijana mwenzangu utakayeitwa kesho kwenye ofisi ya mjomba kumsaidia kuchagua mfumo, kumbuka kimondo hicho. Usikubali kuangushiwa kitu toka juu. Kaa kwanza juu ya magunia, uandike mzigo unavyotembea kweli, pamoja na yale ya aibu. Kisha mpe muuzaji apitishe hadithi hiyo mbele ya macho yako.

Mzee alikuwa na ombi moja tu. Katika ukurasa wa kila mteja alitaka nafasi ya kuandika sentensi. Ilikuwepo tayari, kisanduku cha maelezo ambacho wale wa projekta walikiruka. Siku hizi jioni hunisomea alama zake, nami nabonyeza. Ya yule mama wa Nakonde tuliiandika hivi: "Akisema Jumamosi, ni Jumamosi." Mzee alisogea karibu na kioo, akaisoma mara mbili kwa kidole, kisha akaniambia nifungue jina linalofuata.